Jinsi ya kujua kama kipima unyevu cha sanduku lako la siga kinasema kweli

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni mezani kwangu hapa Dar es Salaam. Leo nina chumvi ya pakiti, maji kidogo, vifuniko vya chupa za maji, mfuko wa zipu, na hivi hapa vipima unyevu vitatu. Saa hizi ni saa mbili usiku. Kesho saa mbili usiku tutajua kipi kati ya hivi vitatu kinasema kweli, kipi kinadanganya, na kinadanganya kwa kiasi gani.

Kwanza hili. Video hii ni ya watu wazima, miaka 18 kwenda juu. Tumbaku ina madhara, na kama huvuti, usianze kwa sababu yangu. Lakini hata kama huna habari na siga unaweza kubaki nami. Mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga anaihitaji njia hii, na mwenye kabati la kamera au gitaa la mbao pia, maana kipima unyevu ni kile kile.

Nikisema siga sizungumzii sigara za pakiti. Nazungumzia ile nene iliyoviringishwa kwa majani ya tumbaku tupu, ndani majani, nje jani, karatasi hakuna. Zinatoka Cuba, Nicaragua, Jamhuri ya Dominika, huko. Jani lile limekauka lakini bado linavuta unyevu wa hewa na kuutoa. Likikauka kupita kiasi linapasuka, na ile harufu yake nzuri inapotea na hairudi. Likilowa linavimba, moshi haupiti, na ukungu unaota. Wengi tunalenga unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Angalia jinsi nafasi ilivyo nyembamba: ni pointi tano tu. Sasa kama kipima chako kinakosea kwa pointi kumi, huna kipima, una pambo.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka mitatu iliyopita shemeji yangu, ambaye ni baharia, aliniletea boksi la siga 25 kutoka Nicaragua. Nikaziweka kwenye sanduku lililokuja na kipima cha mshale, kile cha duara chenye rangi ya dhahabu. Ilikuwa Aprili, masika imekolea. Kila nikifungua, mshale uko 68. Nafurahi, nafunga. Wiki ya tano nikanyanyua siga moja nikaona kwenye ncha ya kuwashia kitu kama pamba, nyuzinyuzi nyeupe zenye ukijani kwa mbali. Na harufu ya kanga iliyoanuliwa mbichi ikakunjwa kabatini. Nilizitupa 19. Ile siku nazitupa, mshale bado ulikuwa 68! Ndipo nilipokitoa kile kipima nikakifanyia jaribio la chumvi. Palipotakiwa kusoma 75 kikasoma 64. Kwa hiyo siku zote zile sanduku likisema 68, siga zangu zilikuwa zimekaa kwenye unyevu wa karibu 79.

Haya, kwa nini chumvi? Hapa wapishi mtanielewa upesi. Kile kichupa cha chumvi cha mezani, wakati wa kiangazi unatikisa inamwagika vizuri. Masika ikiingia inashikamana, unagonga kichupa, haitoki, mpaka tunatia punje za mchele. Chumvi haifanyi hivyo ovyo. Hewa ikipita asilimia 75 ya unyevu, chumvi safi inaanza kunyonya maji yaliyomo hewani. Hewa ikishuka chini ya hapo, inayaachia. Sasa ukiichukua chumvi iliyolowa kidogo ukaifungia mahali padogo pasipopitisha hewa, inakuwa ndiyo mwenye nyumba. Hewa ikiwa kavu, maji yanatoka kwenye chumvi kwenda hewani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chumvi inaunyonya. Vinavutana hivyo mpaka vinatulia kwenye asilimia 75.3, kama joto la chumba ni nyuzi 25.

Namba hiyo imepimwa maabara mara nyingi. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Lewis Greenspan, alichapisha jedwali la chumvi za aina mbalimbali na unyevu zinaoushikilia, na jedwali hilo linatumika hadi leo. Kwa chumvi ya mezani ni 75.5 kwenye nyuzi 20 na 75.1 kwenye nyuzi 30. Kwa hiyo uwe Arusha Julai au Tanga Februari, tofauti haifiki hata nusu ya pointi. Ndiyo maana napenda jaribio hili kuliko mengine yote. Halihitaji kifaa cha bei wala kiyoyozi.

Tuanze. Nasogeza kamera uone vizuri.

Chukua chumvi laini ya pakiti. Ile ya kawaida yenye madini joto inafaa, kiasi kilichotiwa ni kidogo mno hakiharibu kitu. Usitumie chumvi ya mawe ya baharini ambayo haijasafishwa. Unaijua, ile inayotoa jasho ndani ya gunia hata siku ya jua. Inatoa jasho kwa sababu ina magnesiamu ndani yake, na chumvi ya magnesiamu huanza kunyonya maji hewa ikiwa na asilimia 33 tu. Ukiitumia, unyevu ndani ya mfuko utakuwa chini ya 75, halafu utakilaumu kipima bure.

Jaza kifuniko cha chupa ya maji, hiki cha plastiki. Kizibo cha soda achana nacho, ni cha bati na chumvi itakipiga kutu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kujaza. Sasa maji. Hapa taratibu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Natumbukiza ncha ya kijiko kwenye maji, nadondosha matone... moja, mawili, matatu, manne. Nakoroga kwa kijiti cha meno. Bado kavu pembeni, naongeza moja. Angalia sasa. Unaona inavyong'aa kidogo lakini haitiririki? Nikikiinamisha kifuniko, chumvi imekaa pale pale. Ndicho tunachotaka: kama mchanga wa ufukweni maji yakiwa yametoka kupwa, ukikanyaga unaacha unyayo lakini mguu haulowi chapachapa.

Ukizidisha maji mpaka chumvi yote iyeyuke, umepata maji ya chumvi, na hayo hayakai kwenye 75, yanapanda juu. Ukiona maji yamesimama juu ya chumvi, mimina polepole au gusisha pembe ya tishu iyanyonye. Ikiwa kavu kabisa nayo haina cha kutoa. Lazima uone vyote viwili kwa wakati mmoja, chembe za chumvi ambazo hazijayeyuka, na ulowevu.

Maji yoyote ya kunywa yanafaa hapa. Yale maji yaliyosafishwa, tunayoyaita maji ya betri, tunza kwa ajili ya sponji ya kutia unyevu sandukuni, kwa sababu maji ya bomba yana madini yanayoziba sponji. Na ukienda dukani sema unataka ya kuongezea, maana kuna asidi ya betri nayo inauzwa kwenye chupa zinazofanana. Soma lebo, tafadhali.

Sasa naweka kifuniko ndani ya mfuko wa zipu. Navilaza vipima vyangu pembeni, navigeuza ili vile vitundu vidogo vya nyuma au vya ubavuni viwe wazi. Hewa inaingilia hapo. Ukivilaza juu ya tundu, kipima kinapima hewa iliyokwama chini yake. Visigusane na chumvi hata kidogo, chumvi ikiingia kwenye tundu ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo natanguliza kikopo hiki kifupi, kifuniko cha chumvi kinakaa ndani yake, hata mfuko ukiyumba haimwagiki. Nafunga zipu, nabakiza hewa kiasi. Nabonyeza mfuko taratibu nikisikiliza... hautoi hewa. Sawa. Kama huna mfuko wa zipu, tumia kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, liwe la kuona ndani. Dogo ni bora kuliko kubwa, unyevu unatulia mapema.

Nauweka kwenye rafu ya vitabu. Siweki dirishani, wala juu ya friji ambako joto linapanda na kushuka, wala mbele ya kiyoyozi. Unyevu wa hewa unategemea joto. Hewa ile ile, bila kuongeza tone la maji, ukiipoza namba inapanda na ukiipasha inashuka. Joto likicheza, namba zitacheza, na hutajua ni kipima au ni hewa. Sasa saa 24. Kuna watu wanasema saa sita au nane zinatosha. Kwa kipima cha dijitali kizuri pengine, lakini vile vya mshale ni vizito, vinajongea pole kama kobe. Nipe saa 24. Na usifungue mfuko kuchungulia. Soma kwa nje, ndiyo maana tumechukua mfuko wa kuonyesha.

Wakati tunasubiri, niseme kidogo kuhusu hivi vya mshale. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, msomi wa Geneva, alieleza kwenye kitabu chake kipima unyevu alichokitengeneza kwa unywele wa mtu. Unywele unarefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika ikikauka. Dada yeyote aliyenyoosha nywele Jumamosi halafu Jumapili ikaamka na mvua hahitaji kuelezwa hilo. Vipima vyetu vya bei nafuu ndani havina unywele, vina koili nyembamba kama ya saa, yenye tabaka linalovuta unyevu. Tabaka likivimba, koili inajikunja au kujikunjua, mshale unasogea. Lakini koili inachoka, inatikiswa kwenye meli, inakaa stoo mwaka mzima. Kipima kipya cha mshale kilichotoka kwenye boksi leo hakijarekebishwa na mtu yeyote mpaka wewe ukirekebishe. Vya dijitali ndani vina kihisi kidogo kinachobadilika kiumeme kikipata unyevu. Ni vizuri zaidi, ila hata maelezo ya watengenezaji yenyewe yanakubali kupotoka pointi mbili au tatu kwa vile bora, na tano kwa vile vya bei ya chini.

Pia kuna njia ya zamani ya kukizungushia kipima taulo lenye maji na kusubiri kisome 100. Siipendi. Unyevu ndani ya taulo haufiki 100 kwa uhakika, vihisi vingine vya dijitali vikilowa sana vinachukua siku kadhaa kurudi kwenye hali yake, na 100 ni mbali na pale tunapofanyia kazi. Mtu akitaka kujua kama mizani ya duka inapima sawa kilo moja ya sukari haipimi kwa gunia la mahindi.

Haya. Ni saa mbili usiku ya siku ya pili, na mfuko huu hapa sijaugusa. Kwanza naangalia chumvi: bado ina chembe na bado imelowa. Ingekuwa imekuwa maji matupu au imekauka ikawa jiwe, ningeanza upya. Na kuta za mfuko hazina matone. Vizuri.

Tusome. Hiki cha kwanza, cha dijitali cha mraba nilichokinunua Kariakoo, kinasoma 73. Kinatakiwa 75, kwa hiyo kiko chini kwa 2. Cha pili, cha dijitali kingine chenye kioo kikubwa, kinasoma 80. Kiko juu kwa 5. Na huyu rafiki yetu wa mshale... 66. Yuko chini kwa 9. Na nilimrekebisha mwaka jana mpaka 75 kamili! Ona amekwishahama mwenyewe.

Ukiniuliza kati ya hivi viwili vya dijitali kipi kibaya, watu wengi watasema ni cha 80. Mimi sisemi hivyo bado. Kipima kinachozidisha 5 leo, kesho, na mwezi ujao, ni kizuri, unatoa 5 basi. Kibaya ni kinachozidisha 5 leo, wiki ijayo 1, mwezi ujao 8, kwa sababu hicho huwezi kukifanyia hesabu. Kwa hiyo jaribio la siku moja ni nusu ya kazi. Navirudisha vyote kwenye mfuko huu huu, nafunga, usiku wa tatu nasoma tena. Wewe fanya hivyo, hata kama ya kwanza imekuridhisha.

Nimesoma tena. Cha kwanza 73, cha pili 80, vyote viwili vimesimama pale pale. Cha mshale 69. Jana 66, leo 69, na chumvi ni ile ile. Huyu simwamini tena kwa siga.

Lakini kama ndicho ulichonacho, kirekebishe. Nyuma katikati kuna kijitundu chenye skrubu ndogo, au mfereji mwembamba. Chukua bisibisi ya saa, fungua mfuko, na zungusha taratibu mpaka mshale ukae kwenye 75. Fanya haraka, ndani ya dakika moja, maana hewa ya chumba inaanza kumwingia. Kisha mrudishe mfukoni saa nyingine 24 uhakikishe. Vya dijitali baadhi vina kitufe cha kurekebisha, soma karatasi yake. Vyangu havina, kwa hiyo nakata kipande cha tepu nyeupe, naandika kwa kalamu, nabandika mgongoni: hiki cha Kariakoo +2, kile −5, na tarehe ya leo chini yake. Tarehe ni muhimu. Kila miezi sita narudia, na kila nikibadilisha betri. Cha mshale kila miezi miwili.

Kuna anayeuliza, je, kikiwa sawa kwenye 75, kitakuwa sawa kwenye 65? Kwa kawaida inakaribia sana, ndiyo maana tunapima karibu na tunapofanyia kazi, siyo mbali. Ukitaka uhakika zaidi, kuna vile vifuko vya kudhibiti unyevu vinavyouzwa kwa ajili ya siga, kama vya Boveda, vyenye namba yake, 65 au 69. Kifungie kimoja kipya mfukoni na kipima chako siku mbili uone. Boveda wana pia kifuko cha 75 cha kupimia tu, kinafanya kazi ya chumvi yetu bila kukoroga. Mimi chumvi inanitosha.

Nimalizie na mahali unapoishi, kwa sababu kosa lile lile halileti hasara ile ile kila mahali. Huku pwani asubuhi nyingi hewa yenyewe inapita asilimia 80. Kwetu kipima cha kuogopa ni kinachosoma chini, kama cha kwangu cha mshale, kwa sababu kinakuambia ongeza maji wakati siga zinazama. Ndugu zangu wa Nairobi mna shida ya kinyume. Alasiri za Januari na Februari hewa yenu inakauka chini ya asilimia 50, na kipima kinachosoma juu kitakufanya ukae umetulia huku siga zinakuwa kama kuni. Jifunze pia kwa vidole. Ibonyeze siga katikati kwa kidole gumba na cha shahada, polepole. Ikilia kama jani kavu, haina maji. Ikibonyea na kubaki imebonyea kama sponji, imezidi. Iliyo sawa inabonyea kidogo na kurudi. Kipima na vidole vikipingana, nenda kwenye chumvi.

Halafu angalia joto, ambalo chumvi haikuambii. Kuna mdudu mdogo wa tumbaku, anatoboa siga kama fukusi anavyotoboa mahindi, unaona vitundu kama vya pini. Mayai yake yanaweza kuwa ndani ya jani tangu shambani, na joto likizidi nyuzi 23 au 24 yanaamka. Hapa Dar bila kiyoyozi tuko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Siga mpya nazifunga vizuri kwenye mifuko miwili, nazigandisha kwenye freza siku tatu, kisha friji siku moja, ndipo sandukuni.

Sasa narudisha kipima cha Kariakoo mahali pake. Sanduku langu ni la mbao ya sedrela, mti ule ule ambao kule Morogoro umesambaa mpaka kwenye msitu wa Kimboza, na harufu yake nikifungua tu inajaza chumba. Sikiweki jirani na sponji, pale kitapima sponji. Nakibandika upande wa pili, usawa wa siga zenyewe, tundu likiangalia ndani. Nafunga, nasubiri saa mbili hewa itulie.

Nafungua. Kioo kinasoma 65. Tepu inasema +2. Ni 67. Nafunga.